Masahihisho ya Swali la Saba

Kabla hawajaniruhusu kukaa meza moja na wachezaji, walinionyesha video ya saa mbili kuhusu kalamu. Sitanii. Saa mbili nzima kuhusu kitu ambacho nilikishika miaka kumi na tisa darasani, kule Kenya, nikifundisha hesabu kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwanamke wa kwenye video alisema mwalimu wa ziada anauliza maswali tu. Haandiki chochote kwenye karatasi ya mwanafunzi, hata nukta. Kalamu ibaki mfukoni. Mwishoni nikatia sahihi kwamba nimeelewa, nikaenda zangu nikifikiri Wamarekani hawa wana muda mwingi wa kupoteza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jioni, siku nne kwa wiki, katika chuo kikuu kimoja cha huku Dallas. Niliajiriwa kuwasaidia hesabu vijana wa timu ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mkononi. Mchana nilikuwa ghalani Grand Prairie nikipanga maboksi. Nikitoka huko nilikula ndizi mbili ndani ya gari, nikabadilisha shati, nikaingia kwenye foleni ya barabara kuu, na kufika mezani nimechoka kabla mtu yeyote hajafungua kitabu. Baadaye nilirudi Euless, kwenye nyumba ambayo ndege za abiria hupita juu ya paa lake tangu asubuhi, na nikilala nililala na viatu. Ninataja uchovu mapema kwa sababu kuna watu hudhani ni kisingizio. Si kisingizio, lakini ulikuwepo, na sitaki kuusimulia mkasa huu kana kwamba haukuwepo.

Ofisini mle kulikuwa na ubao wenye majina yote ya timu, na kila jina na rangi yake. Kijani maana yake masomo yako sawa na unaweza kucheza. Njano maana yake uangaliwe. Nyekundu maana yake kuna mtu mkubwa ataulizwa maswali. Aliyeutunza ubao huo alikuwa msimamizi wa masomo ya timu, mama mmoja mwembamba aliyekunywa kahawa baridi kwa sababu hakuwahi kupata nafasi ya kuinywa ikiwa moto. Mikutanoni kila mtu alisifu viwango vya masomo. Walivipenda sana viwango vyao, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Nilivumilia yote hayo kwa sababu moja, na naisema ingawa ni ya aibu kidogo. Kule ghalani nilikuwa namba kwenye mashine ya kusoma lebo. Pale chuoni palikuwa na mtu mmoja aliyeniita mwalimu.

Alikuja mezani kwangu Septemba, mwaka wake wa kwanza. Kijana wa miaka kumi na minane, mkubwa kiasi kwamba kiti kililia alipokikalia. Uwanjani kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mrusha mpira na kuzuia wanaume wenzake wasimfikie. Nilipomsalimia kwa Kiingereza changu aliinua kichwa na kuniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akacheka, akasema naongea kama marafiki wote wa mama yake, na hapohapo akapiga simu Houston na kunipa niongee.

Mama yake ni nesi, Mkenya, na alimlea kijana peke yake. Katika dakika tatu alikuwa ameshajua kwetu ni wapi, nasali wapi na nina watoto wangapi. Nilimwita Sista, kama tunavyowaita manesi nyumbani, na akafurahi, maana alisema hapa wanamwita kwa jina lake la kwanza hata watoto wadogo. Kisha akafika kwenye jambo lake.

"Mwalimu, hiyo football yao mimi siielewi, na sitajifanya naielewa. Lakini kijana ameniambia anasomea engineering. Hiyo naielewa. Tafadhali nishikie hapo."

Akaomba niiweke simu katikati ya meza ili wote wawili tusikie, na akamwambia mwanawe, "Chenye mwalimu anakwambia, fanya. Usibishane na mwalimu."

Kijana akajibu kwa Kiingereza kwamba amesikia. Mimi nilivimba kichwa kidogo. Ilikuwa miaka mingi tangu mzazi anikabidhi mtoto namna ile.

Uhandisi wa ujenzi na mpira havikukaa vizuri chumba kimoja. Kijana aliamka saa kumi na nusu alfajiri, akaenda mazoezi, akatoka huko akaenda kunyanyua vyuma, darasani, kwenye kikao cha kuangalia video za timu pinzani, mazoezi tena, chakula, ndipo anifikie mimi saa moja jioni akiwa na penseli mkononi na macho yamejaa mchanga. Maabara ya Jumanne ilikuwa saa nane mchana, saa ileile makocha walipomtaka uwanjani, na haikuwa na kipindi kingine. Mshauri wa masomo alishamwambia mara mbili kwamba ipo shahada nyingine, ya uongozi na michezo, ambayo vipindi vyake vyote huisha kabla ya saa sita. Nusu ya timu ilikuwa humo. Kijana alikataa. Alikataa kwa upole, kama alivyofanya kila kitu nje ya uwanja, lakini alikataa. Sharti likabaki moja: apasi kalkulasi muhula huo, la sivyo uhandisi uishie pale.

Niliamini atapasi. Hakuwa mjinga hata chembe. Alikuwa na tabia ya kuchora kila swali kabla ya kuandika namba yoyote: tangi, ngazi, ukuta, vyote akavichora vizuri na vipimo pembeni. Nilimwambia mhandisi huanzia hapo. Alitabasamu, kisha akalala.

Jioni moja ya Oktoba aliweka mbele yangu karatasi mbili zenye maswali tisa, akalaza kichwa mezani. Nilikuwa nimesimama kwa muda wa saa kumi siku hiyo. Mwenzangu ghalani hakuja na nilifanya zamu ya watu wawili. Sasa, kule tulikotoka, karatasi inayowekwa mbele ya mwalimu ni kazi iliyokwisha. Mtoto hakuletei kazi nusu. Anakuletea usahihishe, unaweka tiki na makosa, na palipo na kosa unamwonyesha njia sahihi pembeni, kisha unaandika chini: fanya masahihisho. Mtoto huchukua ukurasa safi, akanakili njia ile, akakurudishia daftari. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha, na sikumbuki kama nilifikiri lolote. Mkono ulienda mfukoni wenyewe ukatoka na kalamu nyekundu.

La pili, la tano, la saba na la tisa nikayapiga mstari. Pembeni mwa kila moja niliandika njia yake kwa mwandiko wangu wa ubaoni, neno "But" la Kiingereza likiwa peke yake kwenye mstari kama tulivyozoea shuleni, na zile nukta tatu zetu zenye maana ya kwa hiyo. Kusema kweli, niliona raha. Kwa dakika kumi na tano sikuhisi miguu inauma.

Nikamwamsha. Akayaangalia maandishi yale mekundu, akauliza kama ayaandike upya yote. Nikamwambia ndiyo, kwenye karatasi safi, kama nilivyoonyesha. Akainama. Alipofika la saba alikaa akiliangalia kwa muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani ni usingizi. Nikamgonga begani kidogo, naye akaandika.

Sikumuuliza kama alikuwa ameshaikabidhi kazi ile kwa profesa. Nilichukulia tu kwamba ameshaikabidhi. Kumbe ilikuwa ya kukabidhi kesho yake asubuhi, na ilikuwa na alama.

Profesa wake alikuwa mzee mnyoofu na sina kinyongo naye. Aliona kwenye maswali manne njia ambayo hajaifundisha, na nukta tatu ambazo hakuna mwanafunzi wake mwingine aliyeziandika. Akapiga simu ofisini kwetu. Wakamwita kijana na kumuuliza nani alimfanyia. Akasema alifanya mwenyewe, yote.

Haya niliambiwa na msimamizi, ukumbini, siku ya Alhamisi. Hakunishuku, au pengine alinishuku na hakutaka kujua. Alisema amelimaliza jambo lenyewe bila kelele. Kijana ataiacha kalkulasi kabla siku ya mwisho ya kuacha kozi haijapita, na kwa kuwa hakutakuwa na alama ya kugombania, profesa hataendelea na malalamiko yake. Atahamia ile shahada nyingine. Mpaka Jumamosi jina lake litakuwa kijani. Akajisugua macho kwa viganja viwili. "Angalau atahitimu," akasema, na niliona kwamba hilo aliliamini, kwamba katika miaka yake ya ubao ule kuhitimu peke yake kulikuwa ushindi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama mimi.

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, inchi chache kutoka usoni mwake. Nikamwambia pole na kazi. Nikaenda kukaa mezani kwangu.

Siku nne nilinyamaza. Alhamisi nilijiambia kwamba nikisema sasa nitamfanya kijana aonekane mwongo, maana ameshasema alifanya mwenyewe. Ijumaa nilijiambia hakuna aliyeniuliza. Jumamosi timu ilicheza, nami nikaangalia kwenye televisheni nikiwa Euless, nikamwona akisimama mbele ya mrusha mpira bila kumpisha mtu, na nikajiambia pengine imekuwa heri. Jumapili nilienda kanisani na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Sababu ya kweli ilikuwa fupi kuliko hizo zote: niliogopa kurudi kuwa namba siku saba kwa wiki.

Jumatatu niliingia ofisini kwa msimamizi, nikaitoa kalamu na kuiweka juu ya meza yake. Nikamweleza. Akauliza ni lini, nikamwambia. Akaufunika uso kwa mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba ningesema Alhamisi, profesa angemsikiliza. Angempa sifuri kwa zoezi moja na kijana angeendelea na kozi yake. Sasa kijana alikuwa ameshatia sahihi ya kuiacha kozi, Ijumaa mchana. Siku ya mwisho ilikuwa imepita.

Walinifukuza siku ileile, kwa heshima, na barua. Kijana alisafishwa jina. Nilionana naye mara moja tu, kwenye maegesho ya magari, nikiwa na boksi langu la vitu. Nilimuuliza kwa nini alisema uongo kwa ajili yangu. Akainua mabega yale makubwa na kusema mama yake hamruhusu kuwataja wakubwa. Akaniambia nisijisumbue, siku hizi anapata saa saba za usingizi kila usiku. Na kweli uso wake ulikuwa umenawiri. Hilo liliniuma kuliko barua.

Novemba mama yake alinipigia. Alisema timu ina mapumziko wiki hiyo, kijana atakuwa nyumbani, na anaomba niende Houston Jumapili baada ya ibada. Kuna kitu anataka nimweleze. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Ni saa nne za barabara, na mvua ilianza nilipoipita Corsicana. Njia nzima nilitunga maneno. Nilipofika nilikuta chapati chini ya kitambaa, nyama, sukuma wiki, na Sista mwenyewe bado yuko kwenye gauni la kanisani na aproni juu yake. Kijana alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, mfuko wa barafu gotini, miguu imepita mwisho wa kochi na kuning'inia. Tulikula wawili. Aliniuliza habari za safari na za watoto wangu. Akaondoa sahani, akapangusa meza, na akaweka mbele yangu zile karatasi mbili zenye wino mwekundu. Kijana alikuwa amempa pamoja na habari yote.

"Ulikaa siku ngapi kabla useme?"

"Nne, Sista."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Kwetu kazini, ukimpa mgonjwa dawa isiyo yake, unasema hapo hapo. Haujali kama utafutwa kazi ama hautafutwa. Siku nne, Mwalimu, huyo mgonjwa ashaenda."

Maneno yote niliyoyatunga tangu Euless yaliniishia. Niliona aibu ya kitoto kabisa, ile ya kusimamishwa mbele ya darasa, na nilikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili.

Yeye akavuta kiti karibu na changu, akavaa miwani. Alisema hakuniita kunigombeza, ameshalia akamaliza. Anachotaka ni kuona mtoto wake alishindwa wapi. Kila siku anapiga hesabu za dripu na dozi, kwa hiyo nisimfiche kitu nikidhani hataelewa. Nikaanza na la pili. Pale kijana alikuwa amekosea alama ya kutoa, nikamwonyesha, akaiona. La tano alikuwa ameruka hatua. Akaiona pia.

La saba lilikuwa la mkulima. Mkulima ana uzio wa futi mia moja na ishirini, anataka kujenga zizi la mstatili akiegemeza upande mmoja kwenye ukuta wa ghala, upande ambao hauhitaji uzio. Zizi liwe na vipimo gani ili liwe kubwa kuliko yote? Nikamsomea njia yangu nyekundu: tuseme upana ni x, na kadhalika, na kadhalika, kwa hiyo x ni thelathini. Kijana alikuwa ameandika x ni sitini. Nikamwambia ndiyo kosa lenyewe.

Sista akaweka kidole kwenye mchoro wa mwanawe, ule ulioko chini ya mstari wangu. "Na hii x ameiandika hapa?"

Nikaangalia. Alikuwa ameuchora ukuta, akalichora zizi, na x yake hakuiweka kwenye upana kama mimi. Aliiweka kwenye ule upande mrefu unaotazamana na ukuta. Upande mrefu ni futi sitini. Na pembeni, kwa maandishi madogo, alikuwa ameandika kwamba zile pande mbili fupi ni thelathini kila mmoja. Lilikuwa zizi lilelile langu. Hatua zake zote zilikuwa sawa, na moja ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mimi nilitafuta thelathini mwishoni mwa karatasi, nikaona sitini, nikapiga mstari. Sikuutazama mchoro. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nikiwaambia watoto wasome swali.

Sista alikuwa ameshahamisha macho kwenye la tisa. Hakuwa amegundua, aliuliza tu. Ningeendelea na la tisa, tungemaliza, ningekunywa chai na kurudi Euless, na hakuna mtu duniani angejua. Niliwaza hivyo, sitakataa. Niliwaza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

"Sista," nikasema, "hili alikuwa amelipata."

"Unasema?"

"La saba. Alilipata. Mimi ndiye niliyekosea."

Akavua miwani. Alinitazama, akautazama mchoro, akanitazama tena. Kisha akainuka, akaenda hadi kwenye kochi na kumshika mwanawe begani.

"Amka. Mwalimu ana kitu anataka kukwambia."

Kijana akakaa, mfuko wa barafu ukaanguka sakafuni. Nikamsogelea na karatasi mkononi, nikamwambia, Kiswahili na Kiingereza vikichanganyikana maana sikutaka sehemu yoyote impite, kwamba jibu lake la saba lilikuwa sahihi tangu mwanzo na kwamba nilimfanya aliache aandike langu. Aliiangalia karatasi. Safari hii hakuiangalia kwa muda mrefu.

"Nilijua," akasema. "Hiyo siku, mi nilijua. But wewe ndio mwalimu."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza sheria ya nyumba yao: usibishane na mwalimu. Mama yake alikuwa bado ameinama kuokota ule mfuko wa barafu. Akauokota, akaenda nao jikoni, akasimama mbele ya sinki akiwa ametupa mgongo, na alikaa huko muda mrefu kabla ya kufungua maji.